Waya shikeni wenyewe

Wadogo zangu mnaoanzisha bendi ya mabinti watupu hapa Mtwara, mkiwa na kinanda, kompyuta na maikrofoni mbili, mtaulizwa kwanza: "Mpigaji wenu yuko wapi?" Mkijibu ni sisi wenyewe, mtu atachungulia nyuma ya spika kumtafuta kaka yenu. Zoeeni.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kila mmoja ajue kila waya unakwenda wapi. Msimwachie mwenzenu mmoja eti ndiye anayejua kompyuta. Wa kwetu alishikwa na homa siku ya sendofu, Mikindani. Wimbo wa pili tu, nabonyeza kinanda, sauti inakuja nyuma ya kidole, kama mtu anayekuitikia kutoka chumba cha pili. Fundi wa vyombo vya kukodi akasema kinanda kibovu, tena mbele za watu. Kilikuwa kizima. Kosa letu: tulikuwa tumechanganya wimbo nyumbani na kuiacha bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, kwenye sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hapo umeshachelewa kama milisekunde 23, bado safari ya kufika kwenye spika. Sasa tunapigia 256, karibu milisekunde 6. Sauti ikianza kukwaruza tunafunga programu zote za pembeni na kuzima intaneti.

Usiku huohuo umeme ukakatika. Kompyuta ikabaki hai kwa betri yake, kinanda kikanyamaza. Mwenzangu akageuza ndoo, akapiga mwendo wa sindimba, shangazi wa bibi harusi akadaka kiitikio, ukumbi mzima makofi. Tangu hapo wimbo mpya tunaupima kwa makofi kabla ya kuufungulia biti. Na jenereta likiwashwa msikimbilie kuchomeka. Subirini litulie, kisha pitisheni kwenye stebilaiza. Mwezi uliofuata hatukusubiri, tukaunguza adapta.

Hewa ya bahari nayo inakula jeki, zile ncha za waya za kuchomeka. Zifuteni, zikae kwenye kopo lenye mfuniko. Kompyuta isikae juani hata dakika za kupima sauti.

Mtaambiwa vinanda vya umeme ni mambo ya Ulaya. Wakumbusheni mchiriku: vijana wa Dar es Salaam walijenga muziki mzima kwa vinanda vidogo vya Casio, na humo ikachipuka singeli, inayopita mapigo 200 kwa dakika bila kutoa jasho. Ninyi mna ngoma za Wamakonde mlangoni, na bado mnanakili biti za mtandaoni! Hilo linaniudhi kidogo.

Pesa ifuateni kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, sherehe zinafuatana. Mwezi wa Ramadhani tengenezeni nyimbo. Nusu ya malipo iingie kabla hamjapakia vyombo kwenye bajaji, hata kama mwenye sherehe ni jirani. Jirani ndiye hasa. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, msiuache hadi mpate shoo kubwa.

Kuhusu wazazi, msibishane nao sana. Waleteni mazoezini. Mama yangu alikaa kwenye kigoda saa nzima, hakutikisa hata bega. Tulipozima akanivuta pembeni: "Huyo mpiga ngoma wenu wa ndani ya sanduku, mbona hachoki?"