Maswali Yenu: Hivi Profesa Jay alitokaje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha nne, anachana (anarap), juzi amerekodi ngoma moja kwenye studio ya mtaani basi tangu siku hiyo haambiliki, daftari hagusi. Nikimsema ananijibu eti Profesa Jay, yule mwanamuziki wa rap, alitoka na wimbo mmoja tu na kesho yake akawa staa nchi nzima. Mimi wakati ule nilikuwa mdogo sana sijui lolote. Ni kweli ilikuwa hivyo?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Salama dada yangu, pole na huyo kijana. Hapana, sio kweli, na nadhani mdogo wako ameipokea hii stori katikati ndo maana anaiona fupi. Huo wimbo anaousema nina uhakika ni Chemsha Bongo, ulikuwa kwenye albamu ya Funga Kazi ya kundi lake la Hard Blasters Crew iliyotoka mwaka 2000, na ni kweli ulitikisa, ulikuwa unapanda daladala unaukuta, unashuka unaukuta dukani. Lakini Joseph Haule (ndo jina lake) alijiunga na Hard Blasters mwaka 1994. Hesabu mwenyewe, miaka sita! Na sio kwamba kundi lilikuwa halijulikani, mwaka 1995 tu walishatajwa kuwa kundi bora la hiphop Tanzania, yani wana sifa mkononi na bado albamu ya kwanza inakuja kutoka miaka mitano baadaye.

Alafu mwambie hiyo miaka ilikuwaje. Redio za watu binafsi ndo kwanza zinaanza, kabla ya hapo tulikuwa na Radio Tanzania basi, Radio One imekuja 1994. Studio za kurekodi rap unazihesabu kwa vidole. Na vijana wengi walikuwa wanachana kwa kiingereza wakiiga Wamarekani, ingawa Saleh J alishaonyesha njia mwaka 1991 alipouwekea maneno ya kiswahili wimbo wa Vanilla Ice, rapa wa Marekani, kisha akaja Mr. II, yani Sugu, akakomaa na kiswahili kanda baada ya kanda. Ukishamaliza kurekodi unaenda Kariakoo kuwabembeleza wadosi (wafanyabiashara wa Kihindi) wakusambazie kanda, na bei wanapanga wao. Hakuna kupakia wimbo kwenye simu asubuhi jioni ukahesabu waliousikiliza.

Sasa mimi ninachokiona, na hapa naongea kama mtu aliyeishi na zile kanda hadi utepe ukakatika nikaunga kwa selotepu, kilichomtoa Profesa ni kuandika. Sauti nzuri walikuwa nayo wengi, biti kali pia. Yeye alikuwa anakaa chini anaandika kisa chenye mwanzo na mwisho, mtu ambaye hajui rap ni nini anafuata tu kama anasikiliza hadithi. Sikiliza Zali la Mentali aliyofanya na mwanamuziki mwenzake Juma Nature, ile ya mtu asiye na kitu anaangukiwa na bahati, mpaka leo watu wanasema "amepata zali la mentali" hata wasioujua wimbo wenyewe. Mtu hawezi kuandika hivyo kama hapendi kusoma na kusikiliza watu wanavyoongea, kwa hiyo hilo daftari asilitupe bana, mwambie kaka amesema hivyo. Na usimkataze kuchana, mwache achane jumamosi, siku za shule asome, vyote vinaenda.

SWALI: Kwanini aliitwa Profesa wakati hakuwa mwalimu?
Msomaji, Kahama

JIBU: Zamani alikuwa anajiita Nigga Jay, kipindi kile majina ya hivyo yalikuwa mengi kwa sababu wote tulikuwa tunaangalia Marekani. Alipoanza kutoka peke yake akawa Profesa Jay, na kwangu mimi lile jina lilimkaa vizuri maana mashairi yake yanafundisha.

SWALI: Kaka naomba unisaidie ubishi wa kijiweni, mwenzangu anasema Ndio Mzee ndo ilimpa Profesa ubunge. Mimi nakataa.
Msomaji, Temeke

JIBU: Wewe uko sahihi kwa miaka, ila mwenzako nae ana kitu. Ndio Mzee ipo kwenye albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Machozi Jasho na Damu, ya 2001, chini ya mtayarishaji P-Funk Majani pale studio ya Bongo Records. Ubunge wa Mikumi kupitia Chadema aliupata 2015 akakaa mpaka 2020. Hapo katikati kuna miaka 14 na albamu nyingine kadhaa, huwezi kuziruka.

Lakini usisahau ule wimbo ulifanya nini. Ni mgombea yuko jukwaani anaahidi vitu visivyowezekana, hadi wanafunzi kwenda kufanyia praktiko mwezini, na umati unaitikia tu ndio mzee. Nyumbani kwetu baba alikuwa akisikia rap anazima redio, anasema ni uhuni, hatujadiliani. Siku ilipopigwa hii alisogea akaongeza sauti, akacheka hadi akavua miwani, kisha akaniuliza huyu kijana ni nani. Na sio baba yangu peke yake, wazee wengi kuanzia hapo ndo walianza kukubali kwamba hawa watoto wana la kusema. Kwa hiyo hiyo 2015 Profesa anapanda jukwaani Mikumi kuomba kura, wale watu mbele yake walikuwa wanaujua Ndio Mzee mstari kwa mstari.