Lenzi ya Kwanza Yenye Tundu Kubwa: Pima Chumba Kabla ya Kutazama Namba

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Dar es Salaam ni kwamba wanunue lenzi ipi baada ya ile iliyokuja na kamera. Wengi wao huwa na jibu tayari na wanachotaka ni mtu wa kulithibitisha: lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu (haivuti karibu wala mbali), yenye tundu la f/1.8 (tundu ni mlango wa mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa sababu bei yake ni nafuu, inasifiwa na kila mtu, na picha za uso inazotoa huwa na mandhari ya nyuma iliyofifia vizuri. Ni lenzi nzuri kweli, na mimi mwenyewe ninayo. Lakini kwa mtu mwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea picha ndani ya kamera), ambaye riziki yake inatokana na kicheni pati, sendofu, ndoa za nyumbani na ibada, ushauri wangu ni kwamba apime kwanza vyumba anavyofanyia kazi, kisha ndipo aulize habari za tundu.

Sababu ya kuhitaji lenzi ya namna hii inajulikana na kila aliyewahi kupiga picha ukumbini usiku. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi huwa na tundu la f/3.5 ikiwa kwenye upana wake wote, na kadiri unavyovuta karibu, tundu hilo hupungua hadi f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya ule wa f/5.6. Kwa hiyo, pale ambapo ulilazimika kupandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ambacho kikipanda sana huleta chembechembe) hadi 6400 ili upate kasi ya 1/125 ya sekunde, yaani muda ambao sensa hupokea mwanga, sasa unaweza kuteremka hadi karibu na 640 kwa kasi ileile. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye picha ndogo ya kutumiana kwa simu, sembuse kwenye albamu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu tunaopiga picha za watu wenye ngozi nyeusi, na ninasikitika kwamba maelezo mengi ya lenzi hayaligusi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kwenye sensa, na bibi harusi huwa amevaa shela jeupe ambalo huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi. Kamera hupunguza mwanga, uso unaingia gizani, na unapoupandisha baadaye kwenye kompyuta, chembechembe hujitokeza usoni kabla ya mahali pengine popote, na rangi ya ngozi hugeuka kijivu au zambarau. Ninapotumia ISO ya chini na kuongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, uso hubaki na rangi yake halisi, wenye joto na ulaini wake. Mtu aliyekulipa ili umtunzie kumbukumbu ya siku hiyo ana haki ya kujiona alivyo.

Wapo wanaosema kwamba lenzi yao ya 18-55 ina kizuia mtikisiko, hivyo hawahitaji tundu kubwa. Kifaa hicho hutuliza mtikisiko wa mikono ya mpiga picha tu. Shangazi anayecheza huku akipunga kitenge ataendelea kutikisika kwenye picha, na dawa yake ni kasi kubwa, ambayo huhitaji mwanga zaidi.

Sasa tuje kwenye vyumba. Kamera nyingi tunazoanza nazo, za Canon na za Nikon, zina sensa iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Kwa sababu hiyo, lenzi ya milimita 50 kwenye Canon za aina hiyo huona eneo ambalo lenzi ya milimita 80 ingeliona kwenye kamera ya sensa kamili (yenye ukubwa wa fremu hiyo ya filamu), na kwenye Nikon ni kama ya milimita 75. Maana yake kwa vitendo ni hii: ukitaka kumpiga mtu mmoja aliyesimama, kuanzia miguuni hadi juu ya kilemba, huku kamera ukiwa umeisimamisha wima, utahitaji kurudi nyuma takribani mita 4.5. Kundi la watu lililochukua upana wa mita 4 litakutaka urudi nyuma mita 9 hivi. Hebu fikiria sebule ya mita nne kwa nne, yenye makochi, kabati na ndugu wa pande zote mbili. Utakuwa umeegemea ukuta na bado picha inakata miguu ya watu.

Lenzi ya milimita 35 kwenye sensa hiyohiyo humchukua yule mtu aliyesimama kwa umbali wa mita 3, na kundi la mita 4 kwa umbali wa mita 6. Ndiyo maana katika ndoa za nyumbani mimi hufunga 35 tangu ninapoingia hadi ninapotoka. Bwana harusi anaposhikana mkono na walii, wote wawili wameketi kwenye busati na shehe yuko kando yao, unapata nyuso zote tatu na ile mikono katika picha moja, na uko karibu kiasi cha kuona macho bila kumsogelea mtu kupita adabu. Kwa 50, mahali hapohapo, ungelazimika kuchagua kati ya mikono na nyuso.

Usinisadiki kwa maneno matupu, kwa kuwa huenda kazi zako ni tofauti na zangu. Chukua lenzi yako ya 18-55, iweke kwenye 35, bandika selotepu kwenye pete ya zumu isisogee, kisha ifanyie kazi katika shughuli nzima. Katika shughuli nyingine iweke kwenye 50. Utaona mwenyewe ni wapi ulibanwa na ukuta, na ni wapi ulitamani kusogea mbele. Njia nyingine ni kufungua picha zako za miezi iliyopita kwenye kompyuta na kutazama taarifa za kila picha uliyoipenda, kwani kamera huandika ilipigwa kwa milimita ngapi. Ukikuta nyingi ziko kati ya 28 na 38, jibu lako umeshalipata bila kutumia hata senti.

Kwa wenye Nikon za sensa ndogo, uchaguzi ni mwepesi. Ipo AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka mwaka 2009, ambayo ni ndogo, nyepesi, na hupatikana kwa bei ya kawaida hata ikiwa imetumika. Jambo la kuangalia ni herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. Kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi (ya kulenga ukali wa picha) ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa hiyo lenzi za zamani kama AF 50mm f/1.8D hazitafokasi zenyewe zikifungwa kwenye kamera hizo; utalazimika kuzungusha pete kwa mkono, jambo ambalo ni gumu mno kwenye f/1.8 na watu wanaotembea. Hakikisha umeona AF-S, yaani lenzi yenye mota yake yenyewe.

Kwa wenye Canon hali si rahisi hivyo. Canon hawakutengeneza lenzi ya 35 ya bei nafuu yenye f/1.8 kwa ajili ya kamera zao zenye kioo ndani (DSLR) na sensa ndogo. Kuna EF 35mm f/2 IS USM, ambayo ni bora sana lakini bei yake iko mbali na ya ile ya 50. Kuna pia EF-S 24mm f/2.8 STM, bapa na nyepesi, inayomchukua mtu mzima kwa umbali wa mita 2 na kidogo, ila tundu lake hupitisha mwanga pungufu ya nusu ya ule wa f/1.8. Yongnuo, kampuni ya China, hutengeneza 35mm f/2 inayoingia kwenye Canon, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo anayepiga picha ndani ya nyumba ningeitazama kwa makini, nikiijaribu dukani kwa kamera yangu mwenyewe kabla ya kulipa. Ukiamua kuchukua 50, tafuta EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 badala ya ile ya toleo la pili ya mwaka 1990 ambayo bado imejaa sokoni. Ya 2015 ina kiungio (sehemu inayofungwa kwenye kamera) cha chuma, mota yake ni tulivu, na hufokasi kwa umbali wa sentimita 35, wakati ile ya zamani ina kiungio cha plastiki na haifokasi karibu zaidi ya sentimita 45.

Mwenye kamera ya sensa kamili hana mzozo huu wote. Kwake 50 ni 50, na hiyo ndiyo lenzi ya kuanzia.

Kuhusu f/1.4, ninaeleza msimamo wangu wazi: usiinunue kama lenzi ya kwanza. Inaongeza mwanga wa kiasi cha mara 1.65 tu kulinganisha na f/1.8, na bei yake mara nyingi huzidi maradufu. Zaidi ya hayo, nyingi kati ya f/1.4 za zamani huwa laini, yaani picha haikati vizuri, hadi uzifunge kufikia f/2 au f/2.8, na ukifika hapo umerudi kule ambako f/1.8 ilikuwa inakungoja. Fedha iliyobaki nunua betri ya ziada na flashi ya kuelekezwa darini.

Tundu kubwa lina masharti yake, na ni vema uyajue kabla ya shughuli ya mtu. Ukimpiga mtu aliye mita 2 mbele yako kwa 50 kwenye f/1.8, eneo linaloonekana kali lina kina cha sentimita 11 hivi. Ukisogea hadi mita 1, kinabaki chini ya sentimita 3. Pua inaweza kuwa kali na jicho likapotea. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, na usiiachie kamera ikuchagulie. Watu wawili waliosimama sambamba wanatosheka na f/2.8, lakini safu mbili za ndugu zinahitaji f/4 au zaidi, hata kama itakubidi uwashe flashi. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hertzi 50, taa za tyubu na balbu nyingi za LED za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukishawishika na mwanga mwingi wa lenzi ukapandisha kasi hadi 1/500, utakuta picha nyingine zina michirizi myeusi au rangi inayobadilika. Chini ya taa hizo mimi hubaki kwenye 1/100 na kuwavizia wachezaji wanapotulia kidogo.

Ukinunua lenzi iliyokwisha kutumika, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, adui wa kwanza ni kuvu. Hewa yenye unyevu na chumvi huingia ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi kabatini, na kuvu huota kwenye vioo kama utando wa buibui. Washa tochi ya simu, ielekeze upande mmoja wa lenzi, na utazame kutoka upande wa pili ukiwa umeinamisha kidogo. Lenzi za Canon za EF hubaki wazi zinapotolewa kwenye kamera, kwa hiyo utaona ndani bila shida. Zile za Nikon zenye herufi G hufunga tundu lake, hivyo sukuma taratibu kile kiwiko kidogo cha chuma kilicho nyuma ili vipande vya tundu vifunguke; vikigoma, vikienda polepole au vikiwa na mafuta, irudishe. Vumbi dogo halina madhara yoyote kwenye picha, na usikubali kutishwa nalo. Kuvu, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, mimi siligusi, kwa sababu kulisafisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na wakati mwingine huwa limeshakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo.

Baada ya hapo ifunge kwenye kamera yako, si ya muuzaji. Piga maandishi ya boksi lolote la dukani kwa f/1.8, ukifokasi kwenye mstari wa katikati huku boksi likiwa limelala mshazari, kisha kuza picha kwenye skrini. Kama ukali umeangukia mistari ya mbele au ya nyuma kila unaporudia, lenzi hiyo na bodi yako havipatani, na kamera nyingi za kuanzia hazina mahali pa kurekebisha kasoro hiyo. Ukishaipeleka nyumbani, itunze kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, na uzibadilishe mara kwa mara wakati wa masika.

Lenzi ya pili, kwa anayepiga sana ibada za makanisani ambako mpiga picha hatakiwi kusogelea madhabahu, ni 85mm f/1.8. Lakini hiyo isubiri hadi ya kwanza iwe imejilipa. Na ile 18-55 usiiuze. Itakapofika zamu ya picha ya ukoo mzima nje ya ukumbi, alasiri jua likiwa bado lipo na watu wamejipanga safu nne, hakuna lenzi isiyo na zumu kati ya hizi itakayowaenea wote, na 18-55 ikiwa kwenye f/8 itafanya kazi hiyo vizuri kabisa.