Ukitaka kupanda Mlima Kenya, amua kwanza unakwenda kilele kipi

Mtu akiniambia anataka kufika kileleni Mlima Kenya, humuuliza: kipi? Batian ndicho kirefu kuliko vyote, mita 5,199. Nelion kimepungukiwa mita 11 tu. Vyote viwili ni mwamba mtupu, kazi ya kamba kuanzia alfajiri, na hiyo kazi huendi kujifunzia huko juu. Sisi wa kutembea kwa miguu kilele chetu ni Lenana, mita 4,985. Majina yenyewe yametokana na malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, Mbatian na mwanawe Lenana wakiwamo.

Mara ya kwanza nilipitia Naro Moru kwa sababu ndiyo njia fupi. Ufupi huo ndio ulioniponza. Jioni ya pili tulikuwa kambi ya Mackinder, karibu mita 4,200, mwili bado haujajua umeletwa wapi. Usiku kichwa kikanigonga kama kinu, nikatapika hata chai. Kiongozi wetu hakunibembeleza. Alifunga begi langu, akanishika mkono, tukaanza kuteremka gizani. Nililia njia nzima, lakini tulipofika msituni kichwa kilikuwa kimetulia, nikaelewa ameniokoa. Ukianza kutapika au kuyumba huko juu, usingoje kupambazuke. Shuka.

Mwaka uliofuata nikapitia Sirimon, siku tano, na kambi ya Shipton nikalala usiku mbili. Mchana wa katikati tulipanda juu kidogo, tukarudi kulala palepale, ili mwili uzoee kimo. Siku hiyo moja ndiyo iliyonifikisha Lenana. Kama pesa hazitoshi, punguza kingine chochote, hiyo siku iache.

Baridi nayo usiichukulie mchezo. Asubuhi chungulia katikati ya majani ya lobelia: maji yaliyotuama humo yana ganda la barafu juu, chini yake bado ni maji. Chupa yako hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ibebe kichwa chini, mdomo usizibwe na barafu. Glavu ziwe jozi mbili. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda, ingawa Agosti na Septemba pia huwa pakavu.

Wa kupanda Batian kwa kamba nao wana hesabu yao: mlima uko ikweta, basi jua likiwa kaskazini, upande wa kaskazini hukauka na wa kusini hushika barafu. Mwisho wa mwaka mambo hugeuka.

Kwenda Lenana tuliondoka Shipton saa tisa usiku, hatua fupifupi, kurunzi kichwani. Jua lilipochomoza, Batian na Nelion zilikuwa mbele yetu, nyekundu kama shaba, na chini yake barafu ya kudumu iitwayo Lewis. Imebaki kidogo mno, inauma kuitazama. Itazame vizuri ukiwa hapo, kisha uanze kushuka mapema; saa nne mawingu yanaweza kuwa yameshafunika kila kitu.