Kwa wanafunzi wanaotaka kupiga filamu kuhusu "watu wa kule"

Wanafunzi wengi wanaochagua kutengeneza dokumentari kuhusu watu wa eneo fulani huanza na nia njema. Wamesikia hawa wakiitwa wabahili, wale wavivu, na wengine wajinga, nao wanataka kuonyesha kwamba si kweli. Nimekaa na vikundi kadhaa vya aina hii, kuanzia wazo la kwanza hadi onyesho la mwisho, nami humwambia kila anayeanza jambo lile lile: msiende kuuliza kama ni kweli.

Ukimkalisha mtu mbele ya kamera ukamuuliza kama watu wa kwao ni wabahili, umeshamfunga. Akikana, ataonekana anajitetea. Akicheka na kukubali, umepata kipande kitamu ambacho watazamaji watakikumbuka kuliko vyote vilivyobaki. Uhariri ukiisha, ubahili umetajwa dakika nzima nzima, na filamu iliyokusudiwa kuipinga dhana hiyo imeieneza kwa watu ambao hata hawakuwa wameisikia.

Muulizeni mengine. Neno hilo alilisikia wapi kwa mara ya kwanza? Nani alilisema, na alitaka nini wakati huo? Liliwahi kumkosesha kazi, chumba cha kupanga, mchumba? Na yeye huwasemaje majirani zake? Swali hili la mwisho ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu watu wanaosemwa nao huwa na wa kuwasema, na mhojiwa akilifikia hilo huacha kujitetea, akaanza kusimulia. Hapo nyamazeni. Msimkatize hata akikaa kimya kidogo, maana mara nyingi sentensi nzuri huja baada ya kimya hicho.

Kabla ya mahojiano, tafuteni historia. Kazi hii wanafunzi huiruka kwa haraka ya kushika kamera, nami naiona kuwa nusu ya filamu. Dhana kuhusu eneo huzungumzwa kana kwamba imekuwapo tangu enzi na enzi, kumbe pengine ina umri wa mtu mzima tu. Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani kuna eneo la Ostfriesland, ambalo watu wake wametaniwa nchi nzima kuwa ni wapumbavu. Asili ya utani huo inajulikana: ulianzia kwenye gazeti la shule katika mji wa Westerstede, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi walipowaandika wenzao waliotoka Ostfriesland kana kwamba ni jamii ya pekee ya binadamu. Mzaha wa vijana wa sekondari ukavuka mipaka ya shule, ukawa utani wa taifa. Mtazamaji akilijua hilo, hahitaji tena kuambiwa kwamba watu wale si wapumbavu.

Pengine chimbuko huwa ni kazi. Wafaransa wa Auvergne wamekuwa wakisemwa kuwa wabahili. Katika karne ya 19 wengi wao walihama milimani kwao wakaenda Paris, wakawa wachukuzi wa maji, wauzaji wa makaa ya mawe, na baadaye wenye vilabu vya mvinyo na mikahawa. Mtu aliyeacha kwao ili akusanye fedha mjini atazihesabu, na jirani yake wa mjini atamwona akizihesabu. Kwa hiyo ulizeni kuhusu eneo lenu: watu wake walihamia wapi, walifanya kazi gani, walionwa na nani? Magazeti ya zamani, nyaraka za serikali na wazee wenye kumbukumbu nzuri watawapa majibu ambayo mahojiano ya barabarani hayawezi kuwapa.

Kisha kuna kamera yenyewe, ambayo husema mambo bila kusema. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu kuhusu Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, inayohesabiwa miongoni mwa dokumentari ndefu za kwanza. Mhusika wake mkuu aliitwa Allakariallak, wala si Nanook. Alionyeshwa akiwinda kwa chusa wakati bunduki zilikuwa zimeshaingia kwao, na nyumba ya theluji ilijengwa ikiwa wazi upande mmoja ili mwanga uifikie kamera. Nanyi mtashawishika hivyo hivyo. Mtataka bibi avae vazi ambalo hulivaa kwenye sherehe tu, au kijana aweke simu pembeni ili aonekane wa asili. Msimwombe. Akiwa na simu mkononi, mpigeni picha akiwa nayo vivyo hivyo.

Angalieni pia mnawapangaje watu. Kama profesa kutoka mjini ameketi mbele ya rafu ya vitabu akieleza, na wenyeji wote wamesimama juani wakieleza hisia zao, mmeshatoa hukumu. Tafuteni mtaalamu aliyezaliwa hapo hapo, na mwenyeji naye mpeni kiti, mwanga mzuri na muda wa kufikiri. Maandishi ya chini ya picha wekeni kwa wasemaji wote au msiweke kabisa. Mkiwawekea wenye lafudhi ya eneo hilo peke yao, mmewatangaza kuwa hawajui kusema. Muziki wa kuchekesha chini ya sauti ya mtu mwenye lafudhi nzito ni matusi, hata kama mlikusudia wepesi tu.

Ya kiufundi ni machache lakini yana uzito. Mhojiwa avae maikrofoni ya shingoni, rekodini nusu dakika ya ukimya wa kila mahali mnapopiga filamu, na hifadhini nakala mbili sehemu tofauti siku ile ile.

Ridhaa iandikwe, na mtu aelezwe filamu itaonyeshwa wapi. Maneno ya mzaha kuhusu kabila au mkoa wa jirani yanaweza kumharibia mtu kazini miaka baadaye, hivyo mpeni nafasi ya kuyaondoa kabla hamjafunga uhariri.

Nafasi hiyo ipatikane kwa kuwaonyesha wahusika filamu ikiwa bado rasimu. Wafaransa Jean Rouch, mtengeneza filamu, na Edgar Morin, mwanasosholojia, walifanya hivyo Paris katika dokumentari yao Chronique d'un été, iliyotoka mwaka 1961: waliwaonyesha wahusika picha zao, wakawarekodi wakibishana juu yake, na mabishano hayo yakawa sehemu ya filamu. Nanyi nendeni na kamera siku hiyo. Atakayesema "hapa mmenikata vibaya", fungueni naye rekodi nzima, msikilize pamoja kuanzia swali mlilomuuliza, kisha amueni kile kipande kianzie wapi na kiishie wapi.