Ndimu, magadi na kofia ya jino iliyong'oka

Daktari, salamu. Naishi Umoja, mama wa watoto wawili. Mwaka jana niliwekewa kofia kwenye gego la chini. Imekaa miezi minane tu. Juzi nikitafuna mahindi choma ikatoka nzima, nikaitema mkononi. Kila asubuhi mimi hunywa maji moto ya ndimu nipunguze mwili. Jirani aliniambia ndimu hula meno, kwa hivyo nikimaliza nasukutua na maji ya magadi kuua hiyo asidi. Je, niliwekewa simenti feki? Na naweza kuibandika mwenyewe na supaglu? – Mama wa Umoja

Dada yangu, nianze na swali la mwisho maana ndilo la haraka. Tafadhali usiguse supaglu. Inaunguza ufizi, na kofia ikikauka imekaa upande hata kidogo, daktari atalazimika kuikata na utalipia nyingine mpya. Ioshe kwa maji, itie kwenye kikopo safi chenye kifuniko, uende nayo kliniki wiki hii. Gego lililobaki wazi huuma, na meno ya jirani husogea.

Kuhusu simenti: sikuiona, kwa hivyo siwezi kuiita feki. Lakini barua yako imenipeleka jikoni. Ukipika githeri ukatia magadi, sufuria ya alumini huwa nyeusi ndani. Kesho yake ukiipikia kitu chenye ndimu au ukwaju, inatakata mpaka inang'aa. Sisi husema magadi yameichafua, ndimu imeisafisha. Ukweli ni kwamba zote mbili zimeila. Alumini haivumilii asidi kali wala alkali kali (alkali ni kinyume cha asidi, kama magadi), na zinki ni vivyo hivyo. Sasa, simenti nyingi za kubandikia kofia zimejengwa kwa moja ya madini hayo mawili.

Ile ya zamani ni ya zinki fosfeti: poda ya oksidi ya zinki na maji ya asidi ya fosforiki. Nilipokuwa mwanafunzi tuliikoroga juu ya kipande kinene cha kioo kilichopozwa. Poda tuliigawa vifungu vidogo, tukikitia kimoja kimoja na kuitandaza kwa upana, kwa sababu asidi na poda zikikutana hutoa joto, na joto likizidi simenti inaganda kabla hujafika mdomoni mwa mgonjwa. Ikiwa bado mbichi ni kali sana. Huchukua siku moja au mbili kutulia.

Nyingine ni glasi-ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Poda yake ni glasi iliyosagwa yenye alumini na floraidi, na maji yake ni asidi ya poliakriliki. Hii naipenda, na sifichi. Inashikana na jino lenyewe, inatoa floraidi kidogo kidogo, na ikikutana na asidi huipunguzia ukali, ingawa nayo hulipa kwa kumomonyoka kidogo. Maabara hupima simenti kwa kuiweka katika asidi ya laktiki, ambayo ndiyo bakteria wa meno huitengeneza kutokana na sukari, yenye pH ya 2.74 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali). Baada ya saa 24 wanapima imeliwa kina gani. Glasi-ayonoma ndiyo huliwa kidogo, zinki fosfeti hufuata, na ile ya polikaboksileti, simenti nyingine ya zinki, ndiyo huliwa kuliko zote.

Ila asidi ya ndimu ina tabia ya ziada. Haiyeyushi tu, hushika chembe za madini na kuondoka nazo. Kwenye rafu ya kliniki yangu nina vichupa viwili, kila kimoja na kidonge cha zinki fosfeti iliyobaki kwenye kioo baada ya kazi. Kimoja kina maji ya kawaida, kingine maji ya ndimu. Kile cha maji kiko vile vile. Cha ndimu kimepoteza kingo, na chini kuna unga kama wa chaki. Wagonjwa wakikiona hawahitaji maneno mengi.

Kuna pia simenti ya resini, yaani ya aina ya plastiki. Hiyo haitishwi na ndimu sana. Adui yake yuko upande wa pili: alkali hukata viungo vya resini na kula chembe za glasi zilizomo ndani. Watafiti wakitaka kuizeesha haraka huitumbukiza katika magadi kali ya kutengenezea sabuni, sodiamu haidroksaidi. Magadi ya jikoni hayafiki ukali huo, lakini pH yake ni kama 10 na zaidi, na ufizi wako ndio utakaoumia kwanza. Kwa hivyo dada, ile dawa ya jirani iache kabisa. Hukuwa unamaliza vita. Ulikuwa unafungua uwanja wa pili.

Hata hivyo lazima niseme jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Ndimu peke yake haing'oi kofia kwa miezi minane. Kofia iliyokaa sawasawa huacha simenti wazi kwenye mstari mmoja mwembamba tu, pale inapokutana na jino. Utando wa simenti ya kubandikia unatakiwa usizidi maikromita 25, ambazo hazifiki unene wa unywele. Mate na ndimu hupata mahali padogo sana pa kuingilia. Lakini kofia ikiwa pana kuliko jino, simenti ndiyo inayoziba pengo, na hapo kila kikombe cha ndimu kinakuta ukuta mzima wa kula. Au pengine jino lilikuwa na unyevu siku ya kubandika. Muulize daktari kwa adabu lakini bila kuogopa: kofia inakaa vizuri ukingoni? Chini yake kumeoza? Mwambie pia habari ya ndimu, ili achague simenti akijua.

Ukishindwa kuacha ndimu, inywe pamoja na chakula, mara moja, usiinywe kidogo kidogo asubuhi nzima. Ndimu ina pH ya 2 na kitu, na ngozi ngumu ya jino huanza kupoteza madini chini ya 5.5. Sukutua na maji matupu halafu ngoja angalau nusu saa kabla ya mswaki, mate yafanye kazi yake. Ukitaka kitu cha kupooza, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea katika glasi ya maji kinatosha. Soda ya kuokea si magadi. Naomba uzitenganishe hata kabatini.

Dokta, mimi ni wa bodaboda, Kariobangi. Niliziba jino kwa ile simenti nyeupe, nikaambiwa nisile kwa saa moja. Nilikuwa na kiu nikanywa soda baridi njiani. Nimeharibu? – Mwendeshaji

Ndugu yangu, pengine umeipunguzia maisha kidogo. Glasi-ayonoma huganda kwa dakika chache ukadhani imemaliza, kumbe inaendelea kukomaa siku nzima. Katika muda huo maji huivuruga usoni, na soda yenye pH ya 2.5 huivuruga zaidi. Ndiyo maana daktari huipaka vanishi au mafuta ya mgando kabla hujaondoka. Pitisha ulimi: ikiwa inakwaruza au ina shimo, rudi ipakwe upya juu. Ikiwa laini, shukuru, na chupa ya maji iwe kwenye pikipiki.

Mwanangu daktari, niliwekewa dawa jinoni yenye harufu ya karafuu, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Maumivu yaliisha, sasa ni mwezi wa nne na harufu haipo tena. Bado niende? – Bibi, Dagoretti

Shikamoo bibi. Nenda, tafadhali, na usingoje mwisho wa mwezi. Ile ni oksidi ya zinki iliyokorogwa na yujinoli, mafuta ya karafuu kama zile za Pemba, na ni ya muda tu. Yujinoli ndiyo iliyotuliza maumivu. Lakini maji ya mate yenyewe, bila ndimu wala magadi, huivunja polepole na kuyaachia yale mafuta. Harufu ikiisha, kilichobaki ni poda dhaifu ambayo chai na uji vinaipita, na bakteria pia. Maumivu kuisha si dalili kwamba jino limepona. Mwambie mjukuu akusindikize asubuhi, uwe umekunywa chai.