Majibu kwa Wasomaji: Muziki Ndani ya Gari la Paa la Kukunjwa

Swali: Mhariri mpendwa, ninamiliki gari dogo la milango miwili ambalo paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Paa likiwa limefungwa, redio iliyokuja na gari hunitosha kabisa. Nikilifungua na kuingia barabara kuu, besi hupotea yote, maneno ya waimbaji hayasikiki, na nikipandisha sauti, spika huanza kukwaruza. Fundi mmoja amenishauri nifunge amplifaya ya wati 1,000 pamoja na spika nne mpya kwa mkupuo mmoja. Je, huo ni ushauri wa kuufuata, au kuna mahali pengine pa kuanzia?

Jibu: Ndugu msomaji, usianze na amplifaya ya wati 1,000. Amplifaya utaihitaji, lakini si kubwa kiasi hicho, na ikifungwa kabla ya kushughulikia milango na spika za mbele haitakuondolea tatizo lako. Ili sababu ionekane, ni vyema kwanza kuelewa kinachotokea paa linapofunguka.

Gari lililofungwa huisaidia besi bila mwenyewe kujua. Wimbi la sauti lenye masafa ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, ambao unazidi kwa mbali urefu wa ndani wa gari lako. Kwa hiyo spika inaposukuma hewa katika masafa hayo huibana na kuilegeza hewa yote iliyomo ndani kwa pamoja, na kadiri sauti inavyozidi kuwa nene ndivyo msaada huo unavyoongezeka. Ukilifungua paa, hewa hiyo haina tena ukuta wa kuizuia, na msaada wote hukoma papo hapo. Wakati huohuo upepo na magurudumu huleta muungurumo ambao sehemu kubwa ya nguvu yake iko katika masafa ya chini, palepale besi ilipodhoofika, na sikio hushindwa kuitambua sauti hafifu iliyofunikwa na kelele ya masafa yaleyale. Ndiyo maana redio ileile inayokuridhisha paa likiwa limefungwa huonekana mbovu unapolifungua.

Sasa tuzungumzie wati. Kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua lakini haimshangazi mtu. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika hutofautiana sana katika kuugeuza umeme kuwa sauti, na kipimo cha tofauti hiyo, ambacho ni desibeli zinazosikika umbali wa mita 1 spika inapopewa wati 1, huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya spika yoyote nzuri. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 50 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 200. Wanunuzi wengi huvutiwa na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ilhali hizo zinaeleza tu kiasi cha nguvu ambacho spika inaweza kukistahimili. Kwa gari la wazi, mimi ningekitazama kipimo cha desibeli kabla ya jambo lingine lolote.

Redio iliyokuja na gari, hata ikiwa imeandikwa wati 50 kwa kila spika, hutumia umeme wa volti 14 hivi, na kwa umeme huo ni vigumu kuipa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zaidi ya wati 20 zilizo safi. Ukiilazimisha, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na huo ndio ukwaruzo unaousikia. Ukiuzoea na kuuacha uendelee, utaunguza spika ndogo za sauti nyembamba, yaani twita.

Kazi ya kwanza, basi, ni milango, na hapa ninaomba usifanye haraka, kwa sababu ni kazi isiyo na mvuto dukani lakini ndiyo inayobadilisha sauti kuliko nyingine zote. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa ambayo kwa kawaida hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki tu. Spika inaposukuma hewa mbele, huivuta kwa nyuma. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kutokea kwenye matundu hayo, hukutana na ile ya mbele na mawimbi mawili hufutana, hasa katika besi. Spika ya gharama kubwa iliyofungwa katika mlango wa namna hiyo ni sawa na ngoma iliyopasuka ngozi. Fundi avue kifuniko cha mlango, asafishe bati mpaka liwe halina mafuta wala vumbi, kisha abandike vipande vya butili, yaani raba nzito yenye gundi, upande wa ndani wa bati la nje. Si lazima alifunike lote: robo hadi nusu ya eneo hutosha kulizuia bati lisitetemeke. Baada ya hapo azibe matundu ya bati la ndani kwa ubao mwembamba wa plastiki au kwa butili nene, akihakikisha kwamba kioo kinapanda na kushuka bila kugusa kitu, na kwamba komeo la mlango linaweza kufikiwa siku likihitaji matengenezo. Vitundu vya chini kabisa vya mlango visizibwe kwa hali yoyote, kwa maana hivyo ndivyo hutoa maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo, na mlango usiotoa maji huoza. Spika yenyewe ikae juu ya pete nene ya plastiki, ifungwe kwa skrubu imara, na iwekewe raba laini ya kuziba nafasi kati yake na kifuniko.

Twita ziwekwe juu, kwenye nguzo za kioo cha mbele au kwenye kona za dashibodi, zikielekezwa kwa wasikilizaji. Sauti nyembamba inayotoka chini mlangoni humezwa na miguu na viti kabla haijakufikia, na ndiyo sababu maneno ya waimbaji yanakupotea. Spika za nyuma ningeziacha kama zilivyo, na fedha zake ningeziongezea zile za mbele.

Hapo ndipo amplifaya inapoingia. Wati 75 hadi 100 halisi kwa kila upande, zikiwa ni wati za kudumu na si za mlipuko wa mara moja, zinatosha kwa spika za mbele zenye kipimo kizuri cha desibeli. Chagua amplifaya ya daraja la D, ambayo hupoteza umeme kidogo kama joto na ni ndogo kiasi cha kujificha chini ya kiti. Waya wa umeme uwe wa shaba tupu, kwa kuwa ule wa alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kidogo kwa unene uleule, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, hata kama betri iko ndani ya buti, kama ilivyo katika Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza. Fyuzi hiyo haiilindi amplifaya. Inalilinda gari lisishike moto waya ukichubuka na kugusa bati.

Mwisho ni urekebishaji, na kwa gari kama lako urekebishaji mmoja hautoshi. Tafuta kichakata sauti cha kidijitali kinachoweza kuhifadhi mipangilio miwili: mmoja wa paa lililofungwa, na mwingine wa paa lililo wazi, wenye besi zaidi na sauti za kati zilizoinuliwa kidogo ili maneno yasikike. Ukitumia mpangilio wa wazi huku paa limefungwa, besi itakukera. Ukifanya kinyume chake, utarudi kwenye malalamiko yako ya leo. Katika mipangilio yote miwili, kama utaongeza sabufa, yaani spika kubwa ya besi pekee, spika za milangoni zisipewe masafa yaliyo chini ya hezi 80, kwa sababu ndiyo huzichosha bila faida.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, pandisha vioo vya pembeni na ufunge kizuia upepo nyuma ya viti, kisha usikilize tena. Kila kelele unayoizuia ni sauti ambayo hutalazimika kuinunua. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele ndani ya gari la wazi zinaweza kupita desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hukiruhusu kwa saa 8 tu kwa siku, na muda huo hupungua kwa nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15. Muziki unaoshindana na upepo kwa nguvu tupu utakuharibu masikio.

Swali: Ningependa kuongeza sabufa, lakini buti ndilo linalopokea paa likikunjwa. Je, inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ila si kwa boksi kubwa ndani ya buti. Hata kama lingeenea, buti la magari mengi ya aina hii limetenganishwa na viti kwa ukuta wa bati na mazulia, kwa hiyo besi hubaki humo ikitikisa namba za gari. Linafaa tu pale ambapo kuna tundu kati ya viti vya nyuma, na sabufa ikaelekezwa kwenye tundu hilo. Nafasi nzuri zaidi ni chini ya kiti kwa sabufa bapa yenye amplifaya yake ndani, au boksi dogo lililofungwa pande zote sehemu ya miguu ya abiria, au nyuma ya viti katika gari la watu wawili. Zote zina faida ileile: sabufa iko karibu nawe, na kila umbali unapopungua kwa nusu katika eneo la wazi unapata desibeli 6 bila kuongeza wati.

Kabla fundi hajatoboa tundu lolote, paa lifunguliwe na kufungwa polepole mbele yake, naye apime njia ya kila mkono wa chuma. Skrubu moja ndefu mahali pasipofaa inaweza kuichana turubai au kulikwamisha paa katikati ya mvua.

Swali: Spika zangu zimechakaa haraka. Je, jua na mvua ndivyo vilivyoziharibu?

Jibu: Huenda ikawa hivyo. Koni ya karatasi isiyopakwa kitu hulegea ikilowa, na sponji ya ukingoni hukatika kwa jua na unyevu. Nunua zenye koni ya polipropilini, aina ya plastiki, na ukingo wa raba, au zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashua, ambazo huandikwa wazi kwamba zinastahimili maji na miale ya jua. Gari likiegeshwa, paa lifungwe.