Maswali na majibu: barua ya mwakilishi mnaifuta bila kusoma, alafu mnaniuliza mimi

Kila bunge la jimbo la Minnesota likikaa pale St. Paul, wawakilishi wanatuma barua za imeili kutueleza bajeti na mambo ya mtaani, na kila zikija simu yangu inajaa meseji zenu. Mwisho wa barua kuna namba ya ofisi ya mwakilishi jamani, si yangu. Haya, twende.

Mzee shikamoo. Sasa tuna Mkenya mwenzetu bungeni, hawezi kunisukumia greenkadi? (Brooklyn Park)

Marahaba. Hawezi. Hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya na akachaguliwa Novemba 2024, yuko bunge la jimbo, uhamiaji ni wa serikali ya taifa kule Washington. Faili likikwama nenda ofisi ya mbunge wako wa Kongresi, watakupa fomu usaini ndio waruhusiwe kuulizia habari zako, na ni bure, kwa hiyo ukikuta mtu hapo kanisani anataka hela "akufikishe kwa mheshimiwa" ujue unaliwa.

Wanasema bajeti ni dola bilioni 66. Mbona mimi sijaona kitu? (Brooklyn Center)

Umeona, ila hujui ndio hiyo. Ni bajeti ya miaka miwili, imeanza Julai 1, 2025 na inaisha Juni 30, 2027, na sehemu kubwa inaingia kwenye shule, afya na huduma za jamii. Mtoto wako anasoma wapi? Na wewe shifti zako za grupu homu, zile nyumba za kutunzia wenye ulemavu, unafikiri zinalipwa na nani, ni hela za waiva hizo, yaani za Medicaid za kumhudumia mtu nje ya hospitali, nusu jimbo nusu Washington.

Mwaka 2025 kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo vyama viwili vilikuwa 67 kwa 67, hakuna chama kilichoweza kupitisha kitu peke yake, Mei ikaisha bajeti haijakamilika ikabidi waitwe kikao maalumu Juni 9. Bei ya makubaliano ilikuwa chungu, watu wazima wasio na makaratasi wakatolewa kwenye bima ya MinnesotaCare mwisho wa 2025, watoto wakabakizwa. Melissa Hortman, kiongozi wa wademokrati, ndiye mdemokrati pekee kwenye baraza hilo aliyeipigia kura ya ndiyo ili serikali isifungwe, na siku chache baadaye, Juni 14, akauawa nyumbani kwake hapa hapa Brooklyn Park pamoja na mumewe. Bado naona kwenye magrupu watu wanamtukana kwa kura ile. Kukasirikia kura ni haki yako, hata mimi iliniuma, lakini mtukaneni marehemu kwenye grupu ambalo mimi simo.

Mngeniuliza hili basi: Machi 2025 wataalamu wa jimbo walikadiria pengo la karibu bilioni 6 kwa 2028 na 2029, na wabunge wakitafuta pa kukata macho yao yanaanzia kwenye hizo hizo waiva. Tena baada ya wajanja kuzitafuna hela za huduma ya kutafutia watu makazi mpaka jimbo likaifunga kabisa Oktoba 2025, nani atatutetea? Wenye grupu homu mnajuana na mnachangiana harusi, lakini kamati ya huduma za jamii ikikaa hakuna hata mmoja wenu kwenye viti vya nyuma.

Barua inasema hawakupandisha kodi, mbona kodi ya majengo yangu imepanda? Huyu si mwongo? (Maple Grove)

Si mwongo, umemkamata mtu siye. Ile inapangwa na kaunti, siti (serikali ya mji) na wilaya ya shule. Karibu na Machi kaunti inakutumia karatasi inayoonyesha nyumba yako imethaminiwa kiasi gani, na humo humo kuna tarehe ya kwenda kukata rufaa, wewe unaitupa pamoja na kuponi za piza. Novemba inakuja nyingine ya kodi inayopendekezwa, na tarehe za mikutano, nayo unaitupa. Machi ukifika unalia.

Cha kufanya, hakikisha nyumba imeandikishwa kaunti kama makazi yako mwenyewe, kisha jaza fomu M1PR ya marejesho ya kodi ya majengo kabla ya Agosti 15, unaweza ukarudishiwa kitu. Kama kodi imeruka zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka mmoja, na nyongeza inafika dola 100, kuna marejesho maalumu hata kama kipato chako kikubwa. Na nyie mliohama mkageuza nyumba kuwa grupu homu huku kaunti inajua bado mnalala pale, nendeni mkaseme wenyewe kabla hawajawafuata.

Kwenye pesilipu nakatwa asilimia 0.44, ni wizi gani huu? (Champlin)

Ni likizo ya malipo ya ugonjwa na familia, imeanza Januari 1, 2026. Mchango ni asilimia 0.88 na mwajiri lazima abebe angalau nusu. Ukijifungua, ukiugua sana au ukimuuguza mzazi unalipwa mpaka wiki 12, na sababu zikiwa mbili mpaka 20 kwa mwaka. Maombi unapeleka kwa jimbo, na wenye kazi mbili mishahara yote inahesabiwa. Bosi akikwambia "sisi hatuko kwenye hiyo programu", piga simu jimbo uulize, usimwamini hivi hivi.

Chakula cha shule ni bure, mbona bado wanataka fomu ya mapato? (Mama wa watatu)

Jaza mama. Chakula ni bure kwa wote tangu 2023, ila hiyo fomu ndiyo inayoingiza hela za ziada shuleni kwa watoto wa kipato cha chini. Usipojaza kwa kuona aibu, anayekosa mwalimu wa msaada ni mwanao.

Mi si raia. Mwakilishi atanisikiliza? (Brooklyn Park)

Ndiyo. Atakuuliza unakaa wapi basi, na kwenye kamati mtu yeyote anaweza kuomba kusema. Ila kura usiguse! Ukienda kuchukua leseni ya gari soma kila karatasi, na usijiandikishe kupiga kura hata mtu akikwambia ni utaratibu tu, siku ya mahojiano ya uraia litakuja kukutafuna.

Shimo mtaani kwetu?

Siti.

Ile hela ya wapangaji, ya kurudishiwa sehemu ya pango, wameifuta? (Coon Rapids)

Haijafutwa, imehamia. Tangu kodi za mwaka 2024 unaidai kwenye ritani yako ya jimbo (zile fomu za kodi ya mapato), fomu M1RENT, na landilodi anatakiwa akupe cheti cha pango ulilolipa kabla ya Januari kuisha. Akikuzungusha mpaka Machi, piga Idara ya Mapato ya jimbo wakupe hati mbadala, uwe na risiti zako mkononi.